Mlango Unaojifungua Wenyewe

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona wengine mnajibu huku mnatafuna? Paukwa tena!

"Pakawa!"

Haya. Zamani, milango ilipokuwa haijafunzwa kusema, palikuwa na Kanga. Si kanga ya kujifunga kiunoni, Mashavu. Ndege, yule wa madoadoa. Kanga huyo alikuwa na mayai saba, na mayai hayo ndiyo yalikuwa roho yake, maana ya mwaka uliopita kenge aliyala yote.

Basi akaja Fundi Ngedere, kabeba mlango begani.

"Mama Kanga," akasema, "mlango huu una akili. Unajifunga wenyewe, unajifungua wenyewe."

Kibwana, unacheka nini?

"Bibi, mlango unazaa?"

Hata Kanga aliuliza hivyo hivyo. Ngedere akamwambia hayo ni maneno ya kitaalamu. Kanga akaona haya kuuliza zaidi, akatoa kikapu cha mtama, akauchukua mlango. Ndivyo tunavyoliwa, kwa kuona haya.

Asubuhi Kanga akatoka kutafuta mchwa. Akarudi. "Hodi."

Mlango ukajibu, "Subiri. Najiboresha."

Kanga akasubiri. Jua likapanda, na mayai huko ndani yanapoa. Akakimbia kwa Ngedere, akamkuta uwanjani anachonga milango mingine. Ngedere hakuinua hata kichwa. "Zunguka nyumba mara tatu, kisha piga hodi upya."

Kanga akazunguka, moja, mbili, tatu. Mlango ukafunguka. Mayai yalikuwa yameanza kupoa.

Siku ya pili akatoka, akarudi. "Hodi."

"Samahani. Mfumo umeanguka."

Maskini, Kanga akainama kuutafuta. Akachakura majani, akachakura vumbi. "Umeangukia wapi, niuokote?" Akakimbia kwa Ngedere.

"Zunguka nyumba mara tatu," Ngedere akasema.

Akazunguka, moja, mbili, tatu. Ukafunguka. Mayai yalikuwa yamepoa zaidi.

"Bibi, kompyuta ya shule nayo huanguka."

Na mwalimu hufanyaje?

"Huizima, kisha huiwasha."

Basi naye anazunguka nyumba.

Siku ya tatu Kanga akarudi. "Hodi."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba namjua kwa sauti. Sauti yako ina kilio. Sikutambui."

Hapo Kanga akalia kweli, na kadiri alivyolia ndivyo mlango ulivyozidi kumkana. Akazunguka mara tatu. Wapi. Akazunguka mara tisa. Wapi. Akaenda kwa Ngedere anapepesuka kwa kizunguzungu, asimkute uwanjani, akafika mpaka nyumbani kwake. Na nyumba ya Ngedere ilikuwa na mlango gani, wajukuu zangu?

"Wa akili!"

Thubutu. Kipande cha mkeka, basi. Kanga akakisukuma kwa bawa, akamkuta Ngedere amejilaza.

"Fundi, mbona kwako hukuweka mlango wa akili?"

Ngedere akajikuna. "Mama Kanga, mimi nina watoto ndani."

Kanga akageuka kwa hasira. Akarudi mbio, akaupita ule mlango, akauvamia ukuta wa udongo kwa kucha. Chakura, chakura, chakura. Mlango unamwambia, "Subiri, najiboresha," yeye anachakura. Akatoboa tundu, akaingia, akayaatamia mayai yake.

Vifaranga sita walitoka. Yai la saba halikuanguliwa, na mimi hapo huwa naumia kila nikisimulia.

Kanga akawaweka wale sita chini ya bawa, akaziba tundu kwa kipande cha mkeka. Mlango wenyewe ulifunguka wiki iliyofuata, na hapakuwa na mtu aliyeupigia hodi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayekuuzia kitu cha ajabu, nenda kwanza kwake ukaone anachotumia yeye.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeshiba akalale, asiyeshiba akamwambie mama yake.