Gari Lililokohoa Jumapili

Wa kwanza kutusimulia habari hii alikuwa shangazi Tusajigwe, Juni 1994, siku ya tatu ya matanga ya kaka yake Ambakisye, tukimenya ndizi nyuma ya nyumba. Alianza hivi.

Hapo zamani, Rungwe ikiwa na magari ya kuhesabika, kaka yangu Ambakisye alikuwa na pikapu kuukuu. Gari lile lilikuwa na ugonjwa. Leo linakwenda vizuri, kesho linakohoa. Linakohoa, linatetemeka, linaishiwa nguvu, halafu linapona lenyewe. Akilipeleka kwa mafundi Mbeya, linanguruma vizuri mchana kutwa. Akirudi nalo nyumbani, linakohoa.

Wakabadilisha plagi. Likakohoa. Wakasafisha kabureta. Likakohoa. Jumapili ndiyo ilizidi. Watu wakamtania: "Ambakisye, gari lako halipendi kanisa!"

Hakucheka. Mwaka uliotangulia mkewe, Gwantwa, alishikwa na uchungu, gari likazima katikati ya mlima wa Lubala, mtoto akafia njiani. Sasa Gwantwa alikuwa na mimba ya miezi minane, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima uleule.

Ambakisye akatamka mbele ya ukoo: "Atakayenivusha mlima bila gari kukohoa, huyo ndiye atakayempa mtoto jina." Jina lilikuwa haki yake yeye baba.

Mama yetu, Nsekela, alikuwa amepanda gari lile kila safari. Akasema: "Mwanangu, gari lako limelowa. Jumamosi unaliosha kwa ndoo mpaka tumboni, ling'ae kanisani. Jumapili linakohoa. Ukungu ukishuka, linakohoa. Mbeya kukavu, linapona."

"Mama, injini ina maji yake siku zote."

"Haya, endelea kuosha."

Aliyemsikia ni fundi Mwasomola wa shamba la chai. Akaazima bomba la kupulizia dawa mibuni, akalisuuza, akalijaza maji safi. Akawasha injini, akapuliza kidogo kidogo. Kwenye koili ya umeme, ikanguruma. Kwenye nyaya za plagi, ikanguruma. Kwenye kifuniko cha distributa, kinachogawa umeme kwa plagi, ikakohoa! Akakifungua, akakigeuza juani. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Unyevu ukiingia hapa, umeme unapotea njia," alisema. "Pakikauka, unarudi. Kinatakiwa kifuniko kipya."

Kifuniko kipya kilikuwa cha kuagiza Dar es Salaam, mwezi mzima. Kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha, Gwantwa akashikwa na uchungu kabla ya wakati.

Gari jingine la aina ile lilikuwa la jirani, Lwitiko, ambaye kwa miaka miwili hakusalimiana na Ambakisye kwa sababu ya mpaka wa migomba. Gari lake halikuwa na nguvu za kupanda Lubala, ila kifuniko chake kilikuwa kizima. Asubuhi ile Lwitiko alikuwa anampeleka binti yake, Bupe, chuo cha uuguzi, njia ya bondeni. Asiporipoti siku hiyo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Bupe alikuwa ameshapanda, sanduku mapajani.

Mwasomola alipokuja kuomba kifuniko, Lwitiko alisimama mvuani akimtazama binti yake. Bupe akashuka. "Baba, kitoe."

Mwasomola akakihamisha kifuniko. Gari likapanda Lubala katikati ya mvua, halikukohoa hata mara moja. Gwantwa akajifungua salama mtoto wa kike.

Waliporudi, watu watatu wakadai haki ya kumpa mtoto jina.

Nsekela akasema: "Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa. Mngekuwa bado mnabadilisha plagi."

Mwasomola akasema: "Shikamoo, mama, lakini wewe ulisema maji. Mimi ndiye niliyeonyesha yanapoingia."

Lwitiko akasema: "Ufa mliuona, na gari lilikuwa limelala. Kilicholivusha kilitoka kwangu."

Ambakisye alishindwa kuamua. Nsekela akamwita mtoto Subilaga. Mwasomola akamwita Atupele. Lwitiko akamwita Tupokigwe. Mtoto akaitikia yote.

Hapo shangazi aliishia. Tulipomwomba jibu, alituambia tumenye ndizi. Alifariki mwaka 2003. Ambakisye, Gwantwa, Nsekela, Mwasomola na Lwitiko wote wametangulia. Walio hai ni wawili: yule mtoto, na Bupe, ambaye chuoni hakufika tena. Bupe humwita "mdogo wangu" tu, kwa kuwa siku ile hakuna aliyemwuliza yeye angempa jina gani.

Je, ninyi mnaosikia, nani alistahili?