Diski Nne Zilizokataa Kuitika

"Ukiita kiti, mwenyewe haitiki." Mmemsikia mwenyekiti akiitamka leo kikaoni, watu wazima wakaguna kwa kuridhika, nanyi vijana mkabaki mkitazamana. Sasa mnaniuliza ni nani aliyewahi kuzungumza na kiti. Mmefanya vyema kuuliza. Wengi hudhani kila methali ilizaliwa enzi za mikuki, ikatufikia ikiwa na mvi. Hii ni changa. Ilizaliwa mbele ya kompyuta, nanyi wengine mlikuwa mmeshaota meno. Mwanzo wake ni huu.

Huku milimani Taita palikuwa na redio ndogo ya jamii: chumba kimoja cha matangazo, na kingine cha kila kitu kilichobaki. Katika hicho cha pili alifanya kazi binti aitwaye Wughanga, mtunza sauti zote zilizorekodiwa redioni. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Kitu kikiharibika halafu kikapona chenyewe, wengine walishukuru Mungu wakaendelea na kazi. Yeye hakutulia mpaka ajue kilipona kwa nini.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Maji ya mfereji yakapungua, na watu wa Juu, walio karibu na chemchemi, wakaanza kugombana na watu wa Chini kuhusu zamu za kumwagilia. Ikafika mahali mapanga yakabebwa hata na wasiokwenda shambani. Chifu aliwakutanisha, wakabishana hadi sauti zikawakauka, wakakubaliana jambo moja tu. Marehemu Bibi Samba, aliyesimamia mfereji ule tangu ujana wake, aliwahi kueleza zamu zote redioni. Basi sauti yake isikilizwe Jumamosi mbele ya watu wote, na atakalosema lifuatwe.

Sauti ya Bibi Samba, pamoja na nyingine zote, ilikaa katika diski nne ndani ya kompyuta moja kuukuu. Diski hizo zilikuwa zimeunganishwa. Kila sauti ilikatwa vipande, kipande kikawekwa huku na kingine kule, na kompyuta ikazisoma zote nne kana kwamba ni diski moja kubwa. Ukichukua moja ukaisikiliza peke yake, hupati hata sentensi.

Wiki hiyohiyo ya kikao cha chifu, radi ikapiga nguzo ya umeme. Kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazimika, isiwake tena. Meneja wa redio, Bwana Mwadime, akaleta kompyuta mpya. Wughanga akazitoa zile diski nne kwa uangalifu, akazichomeka katika mashine mpya, akaipa maagizo yaleyale yaliyokuwa katika ile ya zamani. Akaiwasha, akangoja.

Kioo kikamwandikia: diski zilizounganishwa hazikupatikana. Kisha kikauliza kwa adabu: kuna diski ambazo hazijaandaliwa, ziandaliwe?

Habari haina mlango. Kabla ya saa sita, pande zote mbili zilikuwa zimetuma mtu redioni akaone kinachoendelea. Watu wa Chini walimtuma Mzee Mwasaru, fundi seremala mwenye maneno machache na makali. Watu wa Juu walimtuma Mama Mkawasi, muuza mboga ambaye hakuna aliyewahi kumpunja. Wakakaa kwenye benchi moja, kila mmoja ukingoni mwake.

"Kwa hiyo sauti imepotea," Mzee Mwasaru akasema.

"Imepotea, au imepotezwa?" Mama Mkawasi akauliza, bila kumtazama.

Mwadime akajipangusa shingo. "Wughanga, bonyeza ndiyo. Mashine yenyewe inaomba iziandae."

"Meneja, kuandaa huku ni kama kuandaa shamba. Kwanza unafyeka. Nikibonyeza ndiyo, Bibi Samba hatusemeshi tena."

"Na usipobonyeza?"

"Sijui bado."

Wughanga aliogopa kwamba Jumamosi ikifika bila sauti ile, kila upande utasema ni njama za mwenzake, na mapanga yale hayatabaki mabegani. Lakini chini ya woga huo kulikuwa na kitu kingine kikimkereketa, nacho kilikuwa swali. Akafungua ubavu wa kompyuta, akagusa diski moja baada ya nyingine. Zote zilitetemeka kidogo vidoleni mwake, kama kuku aliyeshikwa. Zilikuwa zikizunguka. Akaiuliza mashine ina diski ngapi. Ikamjibu tano: nne alizozileta, na moja iliyokuja nayo kutoka dukani.

"Zipo," akasema polepole. "Tena ni hai. Basi mbona haziitiki?"

Ndipo akaona jambo dogo. Diski mojawapo alikuwa ameitia alama kwa rangi ya kucha, kwa sababu katika kompyuta ya zamani ndiyo iliyoitwa ya kwanza. Sasa kioo kiliiita ya tatu.

"Nani ameibadilisha jina?" akauliza.

"Labda imebadilika tu," Mwadime akajibu.

"Kitu hakibadiliki tu, Meneja."

Akaizima mashine. Akachomoa waya wa ile diski yenye rangi na waya wa jirani yake, akazibadilishia matundu, akawasha tena. Mzee Mwasaru na Mama Mkawasi walikuwa wamesogea, wameinama juu ya mabega yake. Kioo kikawaka. Diski yenye rangi sasa iliitwa ya pili, na jirani yake ndiye aliyekuwa wa tatu.

Wughanga akapiga paja. "Haya si majina ya diski! Ni majina ya matundu!"

"Tueleze taratibu," Mama Mkawasi akasema.

"Fikiria mwalimu mgeni, Mama. Hajui majina ya watoto, anawaita kwa madawati. Wewe wa dawati la kwanza, wewe wa la pili. Watoto wakihamia darasa jingine, wakakaa walivyojikalia, mwalimu yule anaita madawati yaleyale. Wanaosimama siyo aliowataka. Mashine hii diski yake ya dukani imekaa tundu la kwanza. Maagizo yangu yanasema ziunganishwe ya kwanza hadi ya nne. Basi inamvuta mgeni ndani, na mmoja wa wenyewe anaachwa nje. Haziwezi kushikana hivyo."

Mzee Mwasaru akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ala! Binti, kumbe asubuhi nzima unaita kiti! Ukiita kiti, mwenyewe haitiki."

Mama Mkawasi alijaribu kujizuia. Alishindwa, akacheka naye.

"Na hao wenyewe wanaitwaje?" akauliza.

Hilo ndilo swali Wughanga alilokuwa akijiuliza pia. Akaiamuru mashine izisome diski tu, isiandike chochote. Ndani ya kila moja ya zile nne akakuta alama ndefu ya herufi na tarakimu, iliyoandikwa siku zilipounganishwa. Alama ilikuwa moja kwa zote nne, mfano wa jina la ukoo. Ile ya dukani haikuwa nayo. Akafuta maagizo ya zamani, akaandika mapya: wasiitwe kwa matundu, waitwe kwa ukoo wao, popote walipokaa.

Akabonyeza.

Majina ya sauti yakaanza kujipanga kiooni, moja chini ya jingine. Akaitafuta ya Bibi Samba, akaigusa. Kikasikika kikohozi, kisha sauti ya bibi kizee ikauliza, "Hiki kidude chenu kimewaka?"

Mzee Mwasaru akavua kofia. Jambo la kwanza alilofanya Wughanga ni kuzinakili sauti zote mahali pengine.

Jumamosi watu wakajaa uwanjani, Bibi Samba akazungumza kupitia spika. Hakumpendelea mtu. Aliwaambia watu wa Juu kwamba mwaka wa ukame zamu yao huisha adhuhuri, siyo jioni kama walivyodai. Aliwaambia watu wa Chini kwamba asiyepanda mlima hadi chemchemi kuzibua mfereji hana zamu. Pande zote mbili ziliguna.

Mzee Mwasaru akasimama ili aseme neno. Kijana mmoja wa Juu akampigia kelele, "Wewe wa Chini, keti!"

Mzee hakugeuka. Yule kijana akarudia, "We wa Chini, nakuambia wewe!" Mzee akabaki kama hakusikia.

Akainuka Mama Mkawasi, katikati ya watu wake wa Juu. "Mwanangu," akasema, "Chini ni mahali alipokaa. Mwenyewe ana jina alilopewa na wazazi wake. Ukiita kiti, mwenyewe haitiki."

Kijana akatazama miguu yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Mwasaru."

"Naam, mwanangu," Mzee akaitika, akamgeukia.

Wakazungumza, na maji yakagawanywa. Tangu siku hiyo, ukiona mtu unamwita hageuki, au kitu unakitafuta hukioni, usikimbilie kusema kimekufa. Jiulize kwanza unaita nini. Ukiita kiti, mwenyewe haitiki.