Ndoo ya Mwalimu wa Jiografia

Kaeni vizuri, wapendwa. Ninyi wa mabenchi ya nyuma sogeeni mbele kidogo, huku hakuna anayeng'ata. Nina mfano mmoja, nikimaliza nitanyamaza.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa chuoni akisomea ualimu wa sekondari. Jina lake silitaji, maana milima yetu hii tunajuana, na huenda shangazi yake yuko humu ndani. Ulipofika wakati wa wanachuo kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mmoja aliulizwa angependa apangiwe shule gani. Wenzake walikimbilia shule za mjini, penye umeme wa uhakika na chipsi za jioni. Yeye aliomba arudishwe shule ile ile ya kata aliyosoma, huko juu kabisa, ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali.

Kwa nini arudi huko? Kwa sababu ya mtu mmoja na siku moja.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wake wa jiografia, mwembamba, mwenye koti la kahawia ambalo wanafunzi waliapa alizaliwa nalo. Na siku yenyewe ilikuwa ya masika, binti akiwa kidato cha pili. Mwalimu alikuwa darasani, ghafla akasema, "Twendeni nje." Akachukua ndoo ya bluu ya mpishi wa uji, akapanda nayo kwenye mteremko ulio nyuma ya darasa. Akamwaga maji kidogo penye majani, yakazama taratibu. Akamwaga mengine penye udongo mtupu, yakashuka mekundu mpaka kwenye viatu vya wanafunzi. Ndipo akakohoa kidogo na kusema, "Maji hayana adabu. Usipoyapangia njia, yatahama na shamba lako." Darasa zima likacheka. Jioni ile ile binti alikwenda na baba yake shambani, wakaanza kuchimba makinga maji na kupanda majani kandokando. Kile kilichobaki cha shamba lile kipo mpaka leo. Na tangu siku hiyo binti hakutaka tena kuwa nesi wala mhasibu, alitaka kuwa mwalimu.

Ninyi mliosoma shule zile mnaelewa. Mnaikumbuka kengele ya rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, uji wa moto kwenye kikombe cha bati kinachounguza midomo, sweta lenye harufu ya moshi wa jikoni kwa mama, na vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa siku za shida, lakini ukizikumbuka unatabasamu peke yako kama mtu aliyepungukiwa akili. Binti huyu chuoni alikuwa hivyo. Wenzake wakiangalia simu, yeye alikuwa kule mlimani, kidato cha pili, dawati la pili kutoka mbele.

Basi akajiandaa. Na alijiandaa haswa, tumpe haki yake. Aliandika azimio la kazi, akaandika andalio la somo, akalifuta, akaliandika upya. Bwenini aliwakalisha wenzake vitandani wajifanye kidato cha pili, akawafundisha somo lile lile la mmomonyoko wa udongo, neno kwa neno kama alivyolikumbuka. Alitembea kama yule mzee, mikono nyuma. Kabla ya ule utani wa maji alikohoa kidogo, kama mzee alivyokohoa. Akaenda sokoni kutafuta ndoo. Za kijani zilikuwepo, nyekundu zilikuwepo, na wauzaji wakamwambia dada, maji hayachagui rangi. Hakuwasikiliza. Alizunguka mpaka akapata ya bluu.

Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka yule mzee akae nyuma ya darasa, amwangalie akifundisha, kisha amwambie, "Sasa wewe ni mwalimu." Cheti kingetoka chuoni, hilo alilijua. Lakini neno lile asingelipata kwa mtu mwingine yeyote duniani, na bila hilo, cheti kwake kingekuwa karatasi.

Siku chache kabla ya mazoezi kuanza, alipanda mlimani na begi lake na ndoo yake kwenda kuripoti. Alimkuta mzee, kichwa kimekuwa cheupe, koti ni lile lile. Akamwamkia, akaitikiwa kwa furaha, wakakumbushana ya zamani mpaka chai ikapoa. Mzee ndiye angekuwa mlezi wake kwa muda wote wa mazoezi. Binti akamwomba apewe kipindi kimoja cha majaribio, ajipime kabla siku yenyewe haijafika. Mzee akakubali, akampa kidato cha pili.

Binti alichota maji kwenye pipa lililo nje ya ofisi, akaijaza ndoo. Akaingia darasani, mzee akakaa dawati la nyuma. Akafundisha kidogo, kisha akasema kama alivyokuwa ameota kusema kwa miaka, "Twendeni nje."

Wakapanda mteremkoni. Siku hizi kumeota nyasi nzuri, maana wanafunzi wa zamani walizipanda. Akamwaga maji penye nyasi, yakazama. Akatafuta sehemu yenye udongo mtupu, akamwaga yaliyobaki yote. Akakohoa kidogo. Akasema maji hayana adabu.

Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walikuwa wanatazama chini, pale maji yalipopotelea, kama watu wanaotazama sahani iliyoanguka na chakula chake. Kisha msichana mmoja akainua mkono. Binti alimwona, akajifanya hakumwona, maana kwenye andalio lake maswali yalikuwa mwisho. Mkono haukushuka. Ikabidi amruhusu. Msichana akauliza kwa Kiswahili, ingawa sheria ya shule ni Kiingereza:

"Mwalimu, chemchemi ya hapo chini kwetu imekauka. Kwa nini imekauka?"

Hebu niwaulize. Ungekuwa wewe, umejiandaa hivyo, na mtu unayempenda anakutazama, ungejibuje? Binti alitabasamu, akasema, "Hilo halimo kwenye somo la leo. Tutaliongea siku nyingine." Msichana akashusha mkono. Wakarudi darasani kimya kimya, na kipindi kikaisha kama kilivyopangwa, hata dakika haikuzidi.

Ofisini binti alikaa mbele ya mzee akisubiri neno lake. Mzee alisifu sauti yake, akasifu mwandiko wake ubaoni. Halafu akamweleza kwa upole habari ya lile pipa. Mabomba ya shule yana mwaka hayatoi kitu. Maji yale hubebwa na wanafunzi, kila mtoto na dumu lake, asubuhi kabla ya kengele, kutoka bonde la ng'ambo, kwa kuwa chemchemi ya karibu imekufa. Maji aliyomwaga yalikuwa ya uji wa kesho.

Binti aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Lakini moyo ukakataa. Akasema, "Mwalimu, nimefanya kila kitu ulichofanya wewe. Sikuacha hata kimoja."

"Kweli hukuacha," mzee akasema. "Hata kikohozi umekileta. Siku ile, mwanangu, nilikuwa na mafua."

Cheka, mama, cheka tu, hata binti mwenyewe alicheka huku macho yamejaa machozi. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Somo la ndoo sikuliandaa," akasema. "Nilikuwa nimeandaa mito ya Ulaya. Ramani nilishaichora ubaoni, tena nzuri. Ukainua mkono. Ukaniuliza shamba la baba yako limekwenda wapi. Mvua ya usiku ilikuwa imelibeba nusu nzima, ukaja shuleni hujala. Sikuwa na jibu. Nikaiacha ramani pale pale, nikaenda kumwomba mpishi ndoo."

Binti alirudi nyuma kimawazo. Shamba alilikumbuka, baba alimkumbuka, koti na kicheko cha darasa alivikumbuka. Kuinua mkono hakukumbuka kabisa. Miaka yote alikuwa ameitunza ndoo ya yule mwalimu, na swali lililoifanya ile ndoo ije, swali lake mwenyewe, likamtoka.

Nje watoto walikuwa wanaondoka na madumu yao matupu, yanagongana. Binti alisimama, akaiacha ndoo ya bluu chini ya meza ya mzee, akatoka mbio bila hata kuaga. Alimpata yule msichana karibu na geti. Akapokea dumu lake, akamwambia, "Nipeleke nikaione hiyo chemchemi. Sijui kwa nini imekauka. Tukatafute wote."

Mzee aliwatazama dirishani mpaka wakapotea kwenye kona. Lile neno ambalo binti alilisafiria hakulisema siku ile. Na binti alikuwa ameshasahau kulisubiri.

Sasa, wapendwa, tuje kwetu.

Sisi tunapenda kusema zamani kanisa lilikuwa kanisa. Na ni kweli, siwabishii. Mimi nikiusikia wimbo ule wa jioni, ule ambao mama zetu waliuimba wakipukuchua mahindi, namwona mama yangu na khanga yake. Zilikuwa siku njema, na wale waliotulea katika imani walikuwa watu kweli kweli. Lakini je, tumewahi kujiuliza walikuwa wanamjibu nani?

Sala zetu za nyumba kwa nyumba zilianzaje? Wazee wanajua. Ulikuwa mwaka wa maradhi, watu wanaogopana, mlango wa mgonjwa haugongwi. Mjane mmoja akasimama humu ndani akauliza, "Nikifa nani atajua?" Babu zetu wakaacha ratiba yao, wakaanza kugonga milango. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoo yao. Sisi tumeitunza, rangi ile ile, siku ile ile ya Jumatano. Ila siku hizi tunaingia kwa watu kuangalia nani kanunua kochi jipya.

Sisemi tusijiandae. Mwalimu asiyejiandaa ni mwizi wa muda wa watoto, na mhubiri naye ni vivyo hivyo. Wala sisemi tutupe vya wazee. Nasema walitupenda kwa kutusikiliza, na sisi tumeiga mpaka kikohozi chao lakini masikio yao hatukuyachukua.

Vijana wetu hawa wanauliza. Mmoja anauliza amsameheje baba aliyewakimbia. Mwingine ana elimu na hana kazi, anauliza kama Mungu anamwona. Tunatabasamu, tunamwambia hilo halimo kwenye kipindi cha leo. Anashusha mkono. Mwaka unaofuata tunauliza vijana wamekwenda wapi, na tunawalaumu kwa kutopenda nyimbo zetu.

Na nani alitubebea sisi jibu letu la kwanza? Kila mmoja wetu aliyeketi hapa yuko hapa kwa sababu siku moja aliinua mkono na mtu akaiacha ramani yake ubaoni. Umesahau? Mimi nilikuwa nimesahau.

Nilikuja na mahubiri marefu leo, yako hapa. Nayafunga. Ninashuka madhabahuni, nakwenda kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa, pale wanapokaa vijana, na leo wao ndio watasema. Wewe binti mwenye sweta la kijani, mwezi uliopita ulikuwa na mkono juu tukakupita. Ulitaka kuuliza nini?