Beberu wa Miezi Kumi na Mitatu

Hapo zamani, sogeeni lakini asilale mtu, palikuwa na kijiji kiitwacho Nambunga, ambako mimba haikuhesabiwa. Kuhesabu vikapu vya mtama, ruhusa. Kuhesabu kuku wa jirani, ruhusa, na wengi walihesabu. Lakini kumhesabia mwanamke miezi ulikuwa mwiko. Walisema mtoto akisikia anahesabiwa, hakai. Basi tumbo likitokeza, kila mtu alitazama pembeni.

Hapo aliishi Somoe, mke wa Chilumba. Walikuwa wameoana miaka saba bila mtoto. Kila harusi aliulizwa, "Bado tu?" Kila msiba aliulizwa, "Bado tu?" Mwaka wa saba, wakati wa palizi, damu yake ikakata. Akatapika asubuhi. Akachukia harufu ya samaki mkavu. Tumbo likatokeza, matiti yakajaa, miguu ikavimba, na akijilaza alihisi kitu kinacheza ubavuni. Msije mkasema aliigiza. Wa kwanza kushangaa alikuwa yeye mwenyewe.

Mama mkwe wake, Bi Nuru, akafunga beberu nyuma ya jiko. Ndiyo ilikuwa desturi: aliyejifungua hulala ndani siku arobaini, hagusi jembe wala kinu, na hunyweshwa mchuzi wa mbuzi wake mwenyewe. Walikuwako wanawake wenye watoto tisa ambao, ukiwauliza faraghani, walikiri walizaa kwa ajili ya zile siku arobaini.

Chilumba naye akabadilika. Akateka maji, yeye mwanamume, ndoo kichwani. Wenzake wakamwita Mama Chilumba. Akateka. Wakamcheka. Akatwanga. Akaanza kutapika asubuhi, kwa sauti kuliko mkewe. Chakula alichobakiza Somoe alikimaliza yeye, asimhuzunishe mpishi, na mpishi alikuwa yeye.

Palizi ikapita. Mavuno yakapita. Mvua ikarudi, wakapanda, wakapalilia tena. Somoe bado. Beberu akanenepa hata akawa anakula amelala. Jirani aliyeshika mimba baada ya Somoe alijifungua, akamaliza arobaini, na mtoto wake akakaza shingo. Watu wakatazama pembeni hadi shingo zao zikawauma.

Ndipo akaja Bi Tunu, mkunga aliyeolewa Nambunga kutoka ng'ambo ya mto, ambako watu huhesabu. Alimkuta Somoe akichambua mboga na wenzake.

"Mwanangu, ulianza lini?"

"Wakati wa palizi, mama."

"Palizi ipi?"

Somoe akainamia mboga zake. Bi Tunu akaanza kuhesabu kwa vidole. Vyake kumi vikaisha, akaazima vitatu vya Somoe. Wanawake wakaziba masikio. Mkunga akamlaza mkekani, akampapasa tumbo, akaweka sikio, akakaa hivyo mpaka mboga zikanyauka.

"Mwanangu," akasema, "humu hamna mtoto."

"Anacheza, mama. Weka mkono hapa."

"Ni matumbo yanayocheza. Wala hukudanganya mtu. Ulimtaka mno, mwili ukakusikia, ukajiandaa. Damu ilikata kweli. Maziwa yamekuja kweli. Mtoto tu ndiye hakuja."

Somoe akauliza swali moja. "Sasa nilikuwa nazungumza na nani?"

Mkunga akamfunika tumbo kwa kanga yake.

Damu ikarudi. Tumbo likashuka taratibu, kama unga uliochoka kuumuka. Lakini mkono wa Somoe ulikuwa umezoea, ukaendelea kushika kiuno akitembea. Kisimani wakamwuliza, "Shoga, huo upepo uliouzaa umeupa jina gani?"

"Nimeupa lako," akajibu, "usije ukapotea."

Walicheka. Yeye alijitwisha ndoo akaenda kulia nyumbani.

Tumbo la Chilumba halikushuka. Lile lilikuwa la kweli.

Ikabaki habari ya beberu. Bi Nuru akashika kamba, akaketi kizingitini, akasema, "Haya. Anayemdai aseme."

Bi Tunu akasema, "Mbuzi ni wangu. Mkunga hupewa paja mtoto akitoka. Hapa hakutoka mtoto, imetoka mimba, na aliyeitoa ni mimi. Nimevunja mwiko wenu, nimetukanwa hadi na watoto. Bila mimi mngekuwa bado mnatazama pembeni."

Chilumba akasema, "Mbuzi ni wangu. Nimeteka maji miezi kumi na mitatu. Nimeitwa mama. Nimetapika, na mimi hakuna hata aliyenidhania mjamzito. Tena nilikuwa namngoja mtoto kama yeye. Kuna aliyenipa pole?"

Bi Nuru mwenyewe akasema, "Mbuzi ni wangu. Majani nimekata mimi, mgongo umeniuma mimi. Akae kambani mpaka apatikane mtoto wa kushikika."

Wote wakamgeukia Somoe. Alikuwa amesimama karibu na jembe, mkono kiunoni.

"Mbuzi ni wangu," akasema. "Na siku arobaini ni zangu. Nimebeba miezi minne zaidi ya mwanamke yeyote wa hapa. Mnataka kesho niamke nikalime, eti kwa kuwa sikupoteza kitu. Kifua kinalowa na sina wa kumnyonyesha. Anayezaa mnamfungia mlango apumzike, na mtoto anaye. Mimi sina, na mnanipa jembe."

Beberu akalia. Bi Nuru akautazama ule mkono uliokuwa kiunoni bila cha kushikilia. Kisha akainuka, kamba mkononi, akapiga hatua moja.

Aliyenisimulia aliishia hapo, akaenda kuchota unga. Nami nawaachia ninyi, ila mwanamume asiyewahi kuteka maji aanze na hilo ndipo ajibu. Mmoja alisema kweli. Mmoja alihudumia. Mmoja alilisha. Mmoja alibeba. Je, mchuzi ule anywe nani, na kesho alfajiri Somoe aamshwe, au mlango wake ufungwe alale arobaini yake?