Nungunungu na Jiwe la Ng'ambo

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha jikoni?

Tumekuja nayo!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa peke yako pale nyuma, sogea pia.

Hapo zamani za kale paliishi Nungunungu. Hakuwa mchoyo, hakuwa mgomvi, ila alikuwa na miiba. Akienda kwenye ngoma, wenzake wanajitenga. Akikaa mkekani, mkeka mzima unabaki wake. Masikini, alizoea kuzungumza na chungu chake.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Anayerudi safari hukaa mbele ya wote akasimulia. Kila akitaja jambo, aliyesafiri naye huitikia, "Nilikuwepo!" Hapo Kobe hupiga ngoma. Asipoitikiwa, ngoma haipigwi na hadithi haipokelewi.

Sasa kulikuwa na Korongo, ndege mwenye miguu mirefu na maringo marefu zaidi. Mwaka uliopita alikwenda ng'ambo peke yake. Aliporudi alisimulia mpaka koo likamkauka. Nani wa kumwitikia? Hakuna. Wanyama wakaenda zao, na jambo hilo likamuuma sana.

Asubuhi moja akabisha kwa Nungunungu. "Hodi!"

"Karibu! Hujakosea nyumba?"

"Nimekuja kwako, rafiki yangu. Twende ng'ambo siku tatu, tukatembee, tukapumzike."

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

Nungunungu alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Hakuna aliyewahi kumwita rafiki. Akakaanga karanga za wawili, akazifunga kwenye jani la mgomba. Wakavuka mto, wakaingia ng'ambo.

Siku ya kwanza wakaenda kutazama maporomoko. Njiani Korongo akaona ndege wa huko. "Ningoje hapa juu ya jiwe, rafiki yangu. Narudi sasa hivi."

Nungunungu akangoja. Jua likapanda, jua likashuka. Korongo akarudi jioni, mabawa yamelowa. "Lo, maporomoko yale! Umeyakosa!"

Siku ya pili wakashika njia ile ile kwenda kwenye chemchemi ya maji moto. "Ningoje hapa juu ya jiwe, rafiki yangu. Narudi sasa hivi."

Nungunungu akangoja. Akala karanga zake, za mwenzake akazifunga tena. Korongo akarudi ametakata, akalala bila hata kumwambia habari za huko.

Siku ya tatu ilikuwa ya ziwa jeupe la magadi. "Leo twende wote, kaka," Nungunungu akaomba.

"Tutakwenda! Ila ningoje kwanza hapa juu ya jiwe."

Akangoja. Jiwe lile alishalijua. Lilikuwa na ufa upande wa kushoto, na sisimizi walitoka humo wawili wawili. Kutoka ziwani alisikia vicheko. Upweke wa nyumbani unauma, jamani, lakini kuachwa ugenini na aliyekuita rafiki kunauma zaidi.

Wakarudi. Kijiji kikakusanyika, Kobe akaishika ngoma yake.

"Tuliona maporomoko yanayonguruma!" akasema Korongo. Nungunungu kimya.

"Tulioga maji moto!" Kimya.

Korongo akamwinamia, akamnong'oneza, "Itikia, rafiki yangu. Ukiitikia, nitakaa nawe mkekani kila siku."

Neno hilo Nungunungu alilitamani maisha yake yote.

"Tuliona ziwa jeupe!"

"Sikuwepo," akasema Nungunungu.

Ngoma haikupigwa. Korongo akafura. "Basi simulia wewe!"

"Nilikaa juu ya jiwe siku tatu," akasema Nungunungu, "nikimngoja rafiki yangu."

Wote wakamgeukia Korongo aitikie. Angeitikiaje? Akaruka akaenda zake.

Wanyama wakatawanyika. Nungunungu akabaki na mkeka mzima, na karanga za mwenzake mkononi.

Kobe akaiweka ngoma chini. Akajikokota, akajikokota, mpaka ubavuni pake. Miiba ingemfanya nini, na gamba analo?

"Hilo jiwe," akauliza, "lilikuwaje?"

Nungunungu akalifungua lile jani la karanga.

Ngano hii inatufunza hivi: ukimwita mwenzako safari, tembea naye. Usimchukue ili awe shahidi wa raha zako.

Mimi nimefika mwisho, nakunja mkeka wangu. Mliosinzia, nyamazeni. Wengine, mlikuwepo?

Tulikuwepo!