Mila ya Mzee Kiboko Bwawani

Hapo zamani za kale, na wewe unayetafuna muwa hebu punguza kelele, wanyama walikuwa na bwawa moja tu la maji. Kila asubuhi Mzee Kiboko alijitosa humo, pwaa! Akanywa, akaoga, akavuruga weee, ndipo wadogo waitwe wanywe yaliyobaki. Na yaliyobaki yalikuwa tope.

"Ndiyo mila ya mababu," alisema huku akicheua. "Mkubwa kwanza!"

Nani angebishana na mababu? Lakini tope lile lilimwendesha tumbo Kibwana, kitindamimba wa Bi Kindi, hadi macho yakazama na hata kulia akashindwa. Bi Kindi alimtazama mwanawe, moyo ukamuuma. Akachukua kibuyu chake, huyoo, mbio bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona umewahi? Zamu yako bado."

"Najua, Mzee wangu. Nimekuja kwa kukuonea huruma. Mila yenyewe unaifuata nusu, na mababu watanuna."

Wanyama waliokuwa wakingoja zamu wakasogea. Kiboko akatoa kichwa majini.

"Nusu kivipi?"

"Ala! Hukuambiwa? Mkubwa anayekunywa kwanza huingia majini akirukaruka kwa mguu mmoja, mkia wake mdomoni. Ndivyo walivyofanya mababu."

Kiboko akapiga hesabu. Akiikataa mila ya mababu mbele ya wote, ile yake ataishikilia vipi?

"Na-najua," akasema. "Nilikuwa nawapima tu."

Akapanda ukingoni. Akasimama kwa mguu mmoja, akaruka, ti! Akaruka tena, ti! Akajipinda kuutafuta mkia, akazunguka, akazunguka, puuu! Chali topeni, miguu juu! Nyani alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwongo mkubwa wewe!" Kiboko akanguruma. "Mababu hawakusema hivyo! Hiyo umeitunga!"

"Umejuaje, Mzee?"

"Nitakosaje kujua? Mila za bwawa hili natunga mimi!"

Lo! Akauziba mdomo wake, lakini maneno yalikwishatoka.

"Ehee!" wanyama wote wakaitikia. "Kumbe!"

Bi Kindi hakungoja mjadala. Aliteka maji safi upande ambao Kiboko hakuwa ameuvuruga, akarudi mbio kumnywesha mwanawe, na Kibwana akapona. Tangu hapo wote wakawa wanakunywa pamoja, na anayetaka kuoga anasubiri wenzake wamalize. Kiboko alinuna weee, kisha akazoea.

Siku moja Bi Kindi akamkuta Kibwana ukingoni anarukaruka kwa mguu mmoja, kauma mkia.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Mila ya mababu, mama!"

"Mababu gani? Si niliitunga mimi, nikikimbilia maji yako!"

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akamkalisha chini, akamweleza yote, asije naye akawarusha wenzake kwa mguu mmoja.

Nanyi wanangu, mababu waheshimuni sana, ila anayesema kwa niaba yao mwulizeni kasikia wapi.