Manyoya ya Kidari

Mwaka huo jua lilikunywa mto likabakiza mawe. Asiyetaka kusikiliza akachote maji, kama atayapata.

Kilibaki kisima kimoja, na Simba alikilalia kama urithi wa babake. Akatoa amri: kila ukoo ulete dume mwenye manyoya ya mabega, alinde kisima chui asisogee. Ukoo usiokuwa naye mwezi mpya ukiandama, hautakunywa tena. Mwenye kutunga amri hiyo alikuwa na manyoya mengi kuliko akili, lakini meno ndiyo yaliyosikilizwa.

Mama Kidari, nyani mjane, alikuwa na mwana mmoja tu. Mabega ya Kidari yalikuwa matupu kama goti, na sauti yake ya kifaranga.

Sungura akaja na kibuyu shingoni. "Shangazi, mbona uso umekunjamana? Ninayo dawa ya kukomaza. Mwezi hautaandama mwanao hajanguruma."

"Unataka nini?"

"Kwa shangazi yangu? Sitaki kitu. Ila dawa haipatani na chakula. Mtoto afunge, viazi vyake vya mwitu niletee mimi nikavizindike."

Mama Kidari akakubali. Mwenye shida hamwulizi mganga alikosomea. Kila asubuhi Kidari alimwagiwa mabegani maji ya matope kutoka kwenye kibuyu, na kikapu cha viazi kikaingia shimoni kwa Sungura. Siku ya kumi mtoto alibaki mbavu na macho. Mganga alikuwa na mashavu.

Bi Kobe akapita, akasimama. "Unapanda mtama juu ya jiwe, Mama Kidari?"

"Namkomaza mwanangu."

"Kwa njaa? Chini ya ubongo wa mtoto amelala tarishi, mdogo kuliko mchwa. Akiamka, hubeba ujumbe wa ubongo hadi kwenye tezi, nayo tezi huachia maji yake kwenye damu. Hapo ndipo sauti hukwaruza na mabega huota manyoya. Lakini haamki mpaka mwili umwambie kuwa chakula kipo. Wewe umemfungia mlango."

"Huna unyoya hata mmoja, Bi Kobe. Utajua nini?"

"Sina. Ndiyo maana sijawahi kuuziwa dawa yake."

Mwezi ukakaribia, mabega bado goti. Sungura hakuona haya. Akaleta konzi ya manyoya ya manjano na utomvu wa mkuyu, akambandika Kidari. "Usikohoe," akamwambia, "wala usikae juani."

Simba akawakagua walinzi juani. Utomvu ukalainika, shada moja likaanguka miguuni pake. Akalinusa. Sasa, Simba huyo alizijua nywele zake moja moja, maana hakuwa na kazi nyingine.

"Haya ni yangu. Yalinitoka nilipojikuna kwenye mgunga juzi. Nani amemvisha nyani heshima yangu?"

Mama Kidari akapiga magoti, akasema yote, hadi kikapu cha mwisho.

"Sungura," akasema Simba, "mpaka huyu aote ya kwake, zamu yake ni yako. Na utamlisha wewe."

"Bwana Mkubwa, mimi ni mdogo. Chui atanila."

"Basi komaa."

Sungura akalinda kisima, huku akirudisha viazi kikapu kwa kikapu. Viazi vilipokwisha akafukua karanga zake mwenyewe alizoficha toka masika. Kila alfajiri alikimbia kwa Mama Kidari. "Bado?"

"Bado."

Bi Kobe, kila alipokutana naye njiani, alimwambia, "Si umpe dawa?"

Mvua zilirudi, zikaisha, zikarudi tena. Asubuhi moja Kidari alifungua kinywa kuomba karanga, ikatoka sauti nzito iliyomshtua mwenyewe. Mabegani manyoya yalikuwa yameanza, machache, ya kijivu, ya kwake.

Sungura akashuka zamu. Ghala lake lilikuwa tupu, na mkia wake, ambao chui aliuwahi, umebaki kipande kile mnachokiona hadi leo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.